Tusiyafute Macho Yang'aayo

Imekuwa desturi miongoni mwa wapigapicha wa wanyamapori, na zaidi miongoni mwa wahariri wanaozichapisha picha zao, kuyahesabu macho yang'aayo kuwa ni dosari. Chui aliyepigwa picha usiku, akatokea na macho mawili ya kijani kama taa za gari, hutazamwa kama bidhaa iliyoharibikia kiwandani. Kwa hiyo, kabla picha haijamfikia msomaji, macho yale hupakwa weusi kwa programu ya kompyuta, au hutiwa mboni za kubuni, na chui akatoka na macho ya mwanasesere. Siku hizi kazi hiyo haidai hata ufundi, kwa kuwa zipo programu za simu zinazoitimiza kwa kugusa kioo mara moja. Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini naiona desturi hiyo kuwa haifai, hasa katika picha zinazokusudiwa kufundishia au kuhifadhiwa kama kumbukumbu za kitaalamu. Na pia kuonyesha kwamba mpigapicha asiyeupenda mng'ao ule anayo njia halali ya kuuepuka, nayo ni kuiweka taa yake mahali panapostahili kabla ya kupiga picha.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu asili ya mng'ao wenyewe. Kwa karne nyingi watu wa mataifa mbalimbali waliamini kwamba macho ya paka na ya wanyama wengine wa usiku hutoa nuru yao wenyewe, mithili ya kimetameta. Mwaka 1810 mtaalamu mmoja aitwaye Bénédict Prévost alieleza kwamba sivyo: jicho la paka halitoi nuru hata chembe, bali huirudisha nuru iliyoingia kutoka nje, na katika giza totoro halionekani kabisa. Jambo hili msomaji anaweza kulihakikisha mwenyewe bila kifaa chochote. Na aingie na paka katika chumba kisichopenya mwanga, afunge mlango, kisha atazame. Hataona kitu.

Nuru hiyo hurudishwa na nini? Nyuma ya retina, yaani ule utando unaopokea taswira ndani ya jicho, wanyama wengi wa usiku wana tabaka jingine linaloakisi mwanga. Wataalamu wa Ulaya walilipa jina la Kilatini, tapetamu, ambalo asili yake ni zulia au busati. Kwa maoni yangu jina hilo linaingia vizuri katika Kiswahili, na sioni sababu ya kukopa sauti yake wakati maana yake tunayo. Kwa hiyo katika makala haya nitaliita busati la jicho. Kazi ya busati hili ni rahisi kuielewa. Mwanga hafifu wa nyota au wa mwezi mwandamo unapoingia katika jicho, sehemu yake hunaswa na seli za retina, na sehemu nyingine hupita bila kunaswa. Kwa binadamu sehemu hiyo iliyopita hupotea, kwa kuwa nyuma ya retina kuna rangi nyeusi inayoimeza. Kwa paka hukutana na busati, ikarudishwa, ikapita katika retina kwa mara ya pili, na seli zikapata nafasi nyingine ya kuinasa. Kwa msaada wa busati hilo, na wa mboni inayoweza kupanuka sana, paka huweza kutambua mwanga ulio hafifu mara 6 hivi kuliko ule wa chini kabisa unaoweza kutambuliwa na binadamu. Neema hiyo ina gharama yake, maana mwanga unaorudi haupiti mahali pale pale ulipopita mwanzo, na kwa sababu hiyo taswira hupoteza kidogo ukali wake. Mnyama wa usiku ameuza sehemu ya uangavu wa taswira ili anunue uwezo wa kuona gizani.

Lililo la ajabu zaidi, na ambalo sijaliona likielezwa ipasavyo katika vitabu vyetu vya shule, ni kwamba maumbile hayakulifuma busati hili kwa uzi wa aina moja. Kwa ng'ombe, mbuzi, swala na jamaa zao limefumwa kwa nyuzi za kolajeni, ambayo ni protini ile ile inayofanya kano za misuli. Kwa simba, fisi, mbwa na paka ni seli zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, zikiwa na vijiti vidogo mno ndani yake. Katika jicho la mbwa vijiti hivyo vina zinki kwa wingi. Mamba, na samaki wengi vilevile, hutumia fuwele za guanini, kemikali inayoyapa magamba ya samaki rangi ya fedha. Na komba, huyu huyu anayelia usiku katika minazi na miembe yetu ya pwani, ana fuwele za riboflavini, yaani vitamini B2. Jambo hilo la komba lilitangazwa mwaka 1959 na Antoinette Pirie, mwanakemia wa Oxford. Kwa hiyo jamaa mbalimbali za wanyama, kila moja kwa njia yake, zimelifikia jawabu moja kwa vifaa tofauti. Mwalimu wa biolojia anayetaka mfano wa jinsi mazingira yanavyolazimisha maumbile tofauti kufanana kazi, hana haja ya kwenda mbali.

Wapo pia wasiokuwa na busati. Binadamu hana, wala nyani, wala tumbili, wala sokwe. Jamii ya nguruwe nayo haina. Picha ya binadamu iliyopigwa kwa flashi huonyesha mboni nyekundu kwa sababu mwanga umerudi kutoka katika mishipa ya damu iliyo nyuma ya retina. Wekundu ule ni damu yetu wenyewe. Basi, mtu anayejua kuzisoma picha hizi, anapomwona mnyama mwenye macho yanayowaka, huwa amekwisha kupata habari fulani juu ya ukoo wake na maisha yake. Anayeyafuta macho hayo amefuta habari hiyo.

Sasa tuje kwa mpigapicha na taabu yake. Kwa nini mng'ao uonekane sana katika picha ya flashi, wakati mtu aliyesimama kando haoni kitu? Jawabu limo katika umbo la jicho. Lenzi ya jicho huikusanya nuru inayoingia na kuifanya nukta moja juu ya retina. Nuru inayorudishwa kutoka katika nukta hiyo hutoka kupitia lenzi ile ile, na kwa hiyo hufuata karibu njia ile ile iliyojia. Yaani jicho humrudishia mwenye taa nuru yake mwenyewe, wala halimgawii jirani. Kanuni hiyo ndiyo iliyotumiwa na Percy Shaw, Mwingereza wa Halifax, alipobuni vile vioo vinavyopachikwa katikati ya barabara na kuwarudishia madereva mwanga wa taa zao. Alivipatia hataza mwaka 1934, na Waingereza wakaviita macho ya paka. Kanuni hiyo pia ndiyo iliyomwezesha Hermann von Helmholtz, mwaka 1851, kuutangazia ulimwengu kifaa cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kabla yake madaktari waliiona mboni kuwa tundu jeusi tu, kwa sababu daktari alipotaka kutazama kwa kufuata njia ya mwanga, kichwa chake mwenyewe kiliuziba mwanga huo.

Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba tatizo la mpigapicha ni la jiometri. Mwakisiko unaorudi una umbo la koni nyembamba ambayo kitovu chake ni taa. Lenzi ya kamera ikiwa ndani ya koni hiyo, macho yatawaka. Ikiwa nje, hayatawaka. Wapigapicha wa binadamu hukadiria kwamba pembe ya nyuzi 3 hivi kati ya taa na lenzi, ikipimwa kutoka katika jicho la anayepigwa, hutosha kuuondoa wekundu mwingi. Nyuzi 3 ni karibu sawa na sehemu 1 kwa 20. Maana yake, mnyama akiwa umbali wa mita 20, taa haina budi kuwa mbali na lenzi kwa mita 1. Akiwa mita 40, mita 2. Kwa wanyama wenye busati na mboni pana, afadhali mtu azidishe kadirio hilo mara 2 au mara 3.

Tuzipime kamera zetu kwa kipimo hicho. Simu ya mkononi ambayo taa yake iko sentimita 2 kutoka kwenye lenzi hushindwa mara tu mnyama anapopita sentimita 40. Kamera kubwa yenye flashi iliyopachikwa juu, sentimita 15 kutoka kwenye lenzi, hufika mita 3 tu. Mpigapicha wa wanyamapori naye hutumia lenzi ndefu ili ampate chui aliye mita 30, na kadiri chui anavyokuwa mbali ndivyo pembe inavyozidi kuwa nyembamba na macho yanavyozidi kuwaka. Wengi hununua lenzi ya bei kubwa, wakaongeza flashi yenye nguvu, kisha wakaweka mbele yake kile kioo cha plastiki kinachoukusanya mwanga ufike mbali. Halafu wakashangaa kwa nini mng'ao umeongezeka badala ya kupungua. Walilohitaji ni waya, au kile kifaa kidogo cha redio kinachoiwasha flashi kwa mbali, pamoja na mtu wa kuishika taa upande wa pili wa gari.

Zipo hila nyingine. Ile ya kutanguliza vimuliko vidogo ili mboni ijikunyate hufaa kiasi kwa binadamu aliyeketi kutulia; kwa mnyama wa porini aghalabu humpa tu nafasi ya kugeuka na kwenda zake. Kupiga picha wakati mnyama anatazama pembeni hufaa zaidi, maana jicho hurudisha nuru kwa mwenye taa endapo tu linamwelekea kiasi. Na njia iliyo bora kuliko zote haikuwapo zamani: kamera za sasa zinaweza kupokea mwanga hafifu mno, hata picha za magharibi na za mbalamwezi zikapigwa bila flashi yoyote. Kwa maoni yangu, anayemiliki kamera ya namna hiyo na bado akammulika komba usoni, anafanya hivyo kwa mazoea tu. Mnyama ambaye jicho lake limeumbwa kwa ajili ya nuru ya nyota, anapopigwa na flashi kwa karibu, huachwa kwa muda akiwa ametiwa kiwi. Na iwapo wakati huo alikuwa akiruka kutoka tawi hadi tawi, au akimnyemelea swala, au akinyemelewa, sisi tumeingilia jambo lisilotuhusu.

Historia ya picha hizi inatugusa kuliko tunavyodhani. Mwmarekani George Shiras, aliyekuwa mwindaji, alijifunza mbinu ya Waojibwe wa Amerika ya Kaskazini ya kuwasha moto katika gubeti la mtumbwi usiku: paa wa kandokando ya ziwa walisimama wakiutazama moto, macho yao yakang'aa, na mwindaji akajua pa kulenga. Shiras akaiondoa bunduki, mahali pake akaweka kamera na unga wa flashi, na mnamo Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Wakati huo huo, huku kwetu, Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa amekwisha kupita katika nyika za Wamasai na kandokando ya Kilimanjaro akiwa na msafara wa wapagazi waliobeba kamera nzito na unga wa magnesi. Kitabu chake cha mwaka 1905 kilikuwa na jina lenye maana ya kwa flashi na kwa bunduki, na jina hilo halikuwa la kupamba, maana alivitumia vyote viwili. Majina ya wapagazi hayakubaki katika kumbukumbu kama yalivyobaki majina ya simba waliopigwa picha. Lakini hilo ni la makala nyingine. Ninalotaka msomaji alione hapa ni kwamba macho yang'aayo ndiyo yaliyouanzisha ufundi huu. Yalikuwa ndiyo alama ya kwamba mnyama yupo.

Na hadi leo yanafanya kazi hiyo hiyo. Katika mito na maziwa ya Afrika, idadi ya mamba hukadiriwa kwa kupita usiku kwa mashua huku maji yakimulikwa kwa taa. Kila jozi ya nukta nyekundu huhesabiwa, na pale ambapo mashua haikuweza kusogea karibu vya kutosha kupima urefu wa mnyama, mhesabuji huandika katika daftari kwamba ameona macho tu. Komba nao hutafutwa kwa namna hiyo. Yule komba mdogo wa Rondo, aliyepewa jina la nyanda za juu za Rondo mkoani Lindi na kutambuliwa kisayansi katika miaka ya 1990, hafanani sana na kitu chochote kwa mtu aliyesimama chini ya mti usiku, ila na nukta mbili za moto zinazorukaruka. Macho humwonyesha alipo, na sauti humtambulisha ni nani.

Hapa sina budi kuonya juu ya kosa lililo kinyume cha lile la kufuta, yaani kuyasoma macho kupita kiasi. Wageni wa mbugani huambiwa mara nyingi kwamba macho mekundu ni ya mla nyama na ya kijani ni ya mla majani. Msemo huo hautegemeki. Busati halifuniki ukuta wote wa nyuma wa jicho. Kwa wanyama wengi limekaa zaidi katika nusu ya juu. Mwanga ukianguka juu yake utarudi kijani, au manjano, au buluu. Ukianguka nje yake utarudi mwekundu kutoka kwenye damu. Hivyo mnyama mmoja, kwa kuinamisha kichwa tu, anaweza kuonekana na rangi mbili katika picha mbili zilizofuatana, na pengine na jicho moja jekundu na jingine la kijani katika picha moja. Umri nao hubadilisha rangi, kama ajuavyo kila mtu aliyefuga watoto wa mbwa. Na katika picha za infraredi, ambazo kamera nyingi za kutegwa msituni huzipiga kwa mwanga wa nanomita 850 au 940 usioonekana sawasawa au usioonekana kabisa kwa macho yetu, macho yote hutokea meupe, kwa kuwa picha yenyewe haina rangi. Rangi peke yake haitoshi kumtaja mnyama. Hata hivyo, kimo cha macho kutoka ardhini, nafasi kati ya jicho na jicho, na namna yanavyotembea, humwambia mengi mtu mwenye uzoefu, na haya yote huhitaji macho yaachwe mahali pake.

Miaka michache iliyopita niliombwa kuupitia mswada wa kitabu cha sayansi cha shule. Katika sura iliyohusu wanyama wa usiku palikuwa na picha ya komba, imepigwa vizuri, tawi liko wazi, manyoya yanahesabika. Chini yake paliandikwa kwamba komba ana macho makubwa yaliyoumbwa ili kuona gizani. Macho yenyewe yalikuwa yamepakwa weusi, yakawekewa kinukta cheupe kila moja, mithili ya vifungo vya koti. Niliandika ukingoni kwamba mhariri ameling'oa somo na kuliacha jina lake. Jibu nililoletewa lilikuwa kwamba macho ya asili yangewatisha watoto. Picha ikachapwa vivyo hivyo.

Hoja hiyo ya kutisha si ya kupuuzwa, kwa kuwa ni kweli kwamba macho yang'aayo yamefungamana na hofu katika jamii zetu nyingi. Fisi husemwa kuwa kipando cha wachawi. Paka aonekanaye uani usiku wa manane hushukiwa kuwa si paka. Wapo wanyama waliouawa kwa mawe kwa sababu tu macho yao yaliwaka mbele ya kurunzi. Lakini mtoto wa kijijini hayangojei macho hayo katika kitabu. Anayaona kila jioni katika zizi la mbuzi wa babu yake. Anachokikosa ni mtu wa kumweleza, na kitabu kilikuwa ndiyo nafasi ya kueleza. Kumwonyesha komba mwenye macho ya vifungo ni kumwachia hofu yake ikiwa nzima, pamoja na fununu kwamba wakubwa nao wanaiogopa.

Upo upande mwingine wenye uzito siku hizi. Picha za wanyamapori hazitazamwi tena na binadamu peke yao. Katika mradi wa Snapshot Serengeti, ulioanza mwaka 2010, kamera 225 zilitandazwa katika eneo la kilomita za mraba 1,125, na wananchi wa nchi mbalimbali wakajitolea kuzitambua picha zilizopatikana. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba wametumia picha milioni 3.2 za mradi huo kuifundisha kompyuta kutambua aina 48 za wanyama. Mashine ya namna hiyo hujifunza kile tu inachoonyeshwa. Ikilishwa picha za usiku zilizopambwa, itajifunza chui asiyekuwapo duniani, na atakapopita chui halisi mbele ya kamera iliyotegwa, huenda ikasitasita. Katika maabara nilimofanyia shahada yangu ya uzamivu ng'ambo, palikuwa na sheria moja isiyokuwa na msamaha: hakuna picha iliyoruhusiwa kuingia katika makala kabla nakala yake ya asili haijahifadhiwa, ikiwa na tarehe na jina la aliyeipiga. Wakati ule niliiona kuwa ni urasimu wa wenzetu. Leo nawasomesha wanafunzi wangu sheria hiyo hiyo.

Nasema pia neno moja lililo nje ya mbuga, maana jiometri ni ile ile. Picha ya mtoto iliyopigwa kwa flashi, ambayo jicho moja limetokea jekundu na jingine limetokea jeupe, inaweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani ya retina inayowapata watoto wadogo, au ya mtoto wa jicho. Si kila weupe ni ugonjwa; wakati mwingine mwanga umeangukia tu mahali ambapo neva ya jicho inaingilia, na picha nyingine iliyopigwa kwa pembe tofauti haitaonyesha kitu. Lakini weupe unaorudia katika picha zaidi ya moja ni sababu ya kumpeleka mtoto hospitali bila kukawia, kwani saratani hiyo ikigunduliwa mapema hutibika, na katika nchi zetu watoto wengi hufikishwa kwa daktari wakati umekwisha kupita. Mzazi aliyezoea kuona kwamba jicho linalong'aa ni kasoro ya kamera, na kwamba kasoro hufutwa kwa kidole, ataifuta na hii.

Wapigapicha wa sanaa watanijibu kwamba wao si wanasayansi, na kwamba picha ya ukutani haina deni kwa mtu yeyote. Nakubaliana nao kwa sehemu. Anayeuza kadi za salamu na apake rangi apendavyo. Ila picha inapotolewa kwa jina la mnyama, mahali, na usiku ilipopigwa, inakuwa ni ushahidi, na ulimwengu wa wapigapicha wenyewe umekwisha kulikubali hilo. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yaliiondolea ushindi picha ya usiku iliyokuwa imeshinda mwaka uliotangulia katika mashindano yao ya wanyamapori, baada ya wataalamu walioitwa kuichunguza kuona kwamba yaelekea mnyama aliyemo alikuwa wa kujazwa, ingawa mpigapicha alikanusha. Ikiwa mnyama wa kujazwa hakubaliki, sioni kwa nini macho ya kubandikwa yakubalike.

Basi ninayoyapendekeza kwa wachapaji wetu wa vitabu, kwa majarida, na kwa idara zinazohifadhi picha za mbugani ni machache wala hayana gharama. Picha ya kufundishia isiguswe machoni. Ikilazimu kuguswa, isemwe hivyo chini yake kwa maneno yanayosomeka, na nakala ya asili itunzwe. Na wanaotengeneza vitabu vya biolojia waiweke picha moja ya macho yang'aayo, walau ya mbuzi, pamoja na aya moja ya maelezo.

Mwalimu asiyeweza kungojea kitabu kipya hana haja ya kungojea. Na achukue kurunzi, aende na wanafunzi kwenye banda la mbuzi baada ya giza kuingia, asimame hatua 10 kutoka kwa wanyama. Kurunzi ishikwe kando ya paji la uso, usawa wa macho, naye atazame kwa kufuata mwanga: mbuzi wote wanaomwelekea watawaka macho. Kisha ampe mwanafunzi kurunzi hiyo, amwambie asogee hatua 2 pembeni huku akiendelea kuwamulika mbuzi wale wale. Kwa mwalimu macho yatazimika, au yatabaki hafifu sana. Kwa mwanafunzi aliyeshika kurunzi yatakuwa yamewaka. Wabadilishane mara kadhaa, kila mmoja aone. Na ikiwa jirani anafuga nguruwe, wapite huko pia kwa kulinganisha.